Daktari wa Magari na Kona ya Raskazone

Haraka haraka ndiyo yenye baraka, ilmradi gari liwe la mwenzio. Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya Fundi Idarusi wa Ngamiani, aliyeyapima magari kwa kifaa cha kusikilizia kifua alichokipata mnadani, na kuyatangazia maradhi ambayo hakuna gari lililowahi kuyaugua.

Basi alipoliona gari jeusi la Bi Turkiya likikwaruza tumbo kwenye tuta, moyo wake ulifunga ndoa papo hapo. Bi Turkiya alikuwa mjane wa Kiarabu mwenye shamba la minazi Mwera. Mumewe alipofariki alishika usukani mwenyewe. Mji ukamsema wiki nzima, kisha ukachoka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Gari hili linaumia. Njia ya Mwera inalila tumbo. Niachie siku moja nilinyanyue."

Alilinyanyua kweli. Nyuma alilifungia springi za lori, ngumu kama moyo wa mama wa kambo. Gari likasimama kichwa chini, mkia juu, kama bata anayetafuta riziki topeni. Kwenye njia iliyonyooka lilirukaruka. Kwenye kona, tako lilikimbilia upande wake kama mbuzi aliyeona kisu. Ndivyo alivyotaka fundi. Gari alikwisha kumwahidi tajiri mmoja wa Maramba, ambaye angekuja kulichukua Jumamosi, na springi zake za asili zilikuwa zimelala chini ya kitanda cha Idarusi zikisubiri kurudishwa.

Siku ya tatu Bi Turkiya alimfuata kwenye baraza la Shekhe, muuza kahawa. "Mwanangu, gari linanikataa."

Idarusi alijilaza chini ya gari, akasikiliza, akaguna, akatoka na uso wa msiba.

"Si springi, Bibi. Nilipolinyanyua ndipo ugonjwa ulipojitokeza. Chasisi imepinda. Huo ndio uti wake wa mgongo, hakuna dawa. Litakuua hili. Niachie mimi nikalivunje, nami nitakupa baiskeli mbili mpya."

"Mbili? Nipande zote kwa pamoja?"

"Moja ya kwenda, Bibi, moja ya kurudi."

Wanywaji wa kahawa walicheka. Bi Turkiya hakucheka. "Nipe hadi Ijumaa nifikiri," alisema, akaondoka akirukaruka njia nzima.

Ijumaa baada ya sala alirudi. Idarusi alilitazama gari akaona limependeza kuliko siku zote: limekaa sawasawa, limetulia kama mtu aliyeshiba. Mapenzi hayo, alijiambia. Kitu kikikaribia kuwa chako huzidi uzuri.

"Bado nina shaka," alisema Bi Turkiya mbele ya baraza zima. "Pengine halijapinda."

Ujanja una ugonjwa mmoja: haupendi kutiliwa shaka mbele ya watu.

"Panda, Bibi. Nitalipitisha kona ya Raskazone mbele ya macho yako. Shekhe awe shahidi. Lisipoyumba, chukua pikipiki yangu."

Vikombe vikatua chini. Pikipiki ile, yenye kiti cha pembeni, Idarusi aliipangusa kila asubuhi kabla hajanywa chai.

"Umesikia, Shekhe?" aliuliza Bi Turkiya.

"Masikio yangu hayajafa."

Wakaenda, Shekhe kiti cha nyuma. Idarusi aliingia konani kwa kasi, akasubiri tako likimbie. Gari likazunguka taratibu kama bibi harusi anayepelekwa ukumbini. Akageuza, akarudi kwa kasi zaidi, akaukata usukani kwa ghafla. Halikuyumba. Mara ya tatu jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni.

"Labda ukilitukana," alisema Shekhe.

Idarusi alisimamisha gari, akashuka, akafungua buti. Humo mlikuwa na magunia matatu ya nazi, yamejipanga kama maharamia waliolala.

Bi Turkiya alikuwa ameshahamia kwenye usukani. "Jana nilitoka Mwera na mzigo," alisema. "Gari tupu liliyumba; lilipobeba nazi likatulia. Sasa niambie, daktari, chasisi iliyopinda hunyooshwa kwa nazi?"

Daktari akalifunga buti polepole.

"Springi zako ziache zilipo. Nazi zangu zimezipenda. Pikipiki nitatuma mtu aje aichukue."

"Shekhe," alisema Idarusi kwa sauti ndogo, "wewe uliona. Amenificha magunia."

"Mimi niliitwa kusikiliza," alijibu Shekhe. "Nilisikia pikipiki."

Idarusi akashika mlango wa gari. "Umenihadaa, Bibi, mtu mzima wewe. Angalau niombe radhi."

Bi Turkiya aliwasha injini.

"Sikuombi," alisema. "Na usipande. Uzito umeshatosha."