Siku Nne za Kumficha Shangazi Luz Delia

Jumapili, 9 Juni

Nimeshinda! Kura nne kwa moja. Kikao cha familia kimefanyika kwa mama mkwe, Bi Provi, hapa hapa Caguas, kisiwani kwetu, baada ya wali wa mbaazi na kabla ya kahawa. Safari ya Florida, kwenye bustani ya michezo ya Mamba Mfalme, na kulala hoteli ya humo humo ndani: mpangaji ni mimi. Si Edgardo. Mimi! Shemeji huyo amekwenda mara tano, basi anasimulia kama mtu aliyerudi vitani. Alijipigia kura mwenyewe. Hata mwanangu Yadiel, miaka saba, alinipigia mimi. Nilimwahidi pipi, lakini kura ni kura.

Mke wangu Ivelisse ameomba jambo moja tu. Yeye ni mpishi wa shule, watoto mia tatu kila siku. Anataka siku nne asiguse chombo kichafu. Hata kijiko. Nimemwapia kwa kaburi la baba. Akaniangalia weee, kisha akauliza: na shangazi yako je?

Ndiyo. Shangazi Luz Delia. Dada wa baba, aliyenilea tangu nina miaka tisa. Sasa anakaa Kissimmee, dakika kumi na tano kutoka lango la Mamba Mfalme. Ukoo wetu una sheria moja, haijaandikwa popote: anayekanyaga Florida analala kwa Luz Delia. Vitanda vikijaa, sakafuni. Binamu Wito alilala hoteli mara moja, mwaka 2011, tena kwa sababu ndege ilichelewa. Mpaka leo shangazi hataji jina lake. Anamwita "yule wa hotelini".

Mara ya mwisho tulilala kwake watu kumi na mmoja. Ivelisse aliosha masufuria siku tano. Lango la Mamba aliliona kupitia kioo cha gari.

Kwa hiyo Shangazi asijue. Basi! Rahisi mno. Edgardo kasema si umwambie tu ukweli, shemeji. Nimemjibu kwamba ukweli ni wa watu wasio na akili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Edgardo ana kipara.

Jumatano, 12 Juni

Ushindi wa pili. Kunywa chai ya asubuhi na Mamba Mfalme mwenyewe, anakuja hadi mezani, anapiga picha na watoto. Nafasi zinafunguliwa saa kumi na mbili kamili asubuhi na kuisha ndani ya dakika tatu. Edgardo aliapa kwamba hakuna anayepata. Mimi nilikaa na simu mbili na kompyuta ya jirani. Nimepata! Alhamisi ya tarehe 11 Julai. Meza ya watu sita.

Ivelisse kaniambia niandike saba. Nikauliza wa saba ni nani. Kasema viti havigombi, weka saba tu. Nimeweka. Mwanamke akishaanza kuota likizo, usimwamshe.

Jumamosi, 15 Juni

Mgogoro wa fulana. Mama mkwe anataka wote tuvae fulana za rangi moja, kijani cha kasuku, zenye jina la ukoo mgongoni, ili mtoto akipotea arudishwe. Nimemwambia mama, mwezi wa saba nusu ya Caguas iko Florida. Fulana ya CINTRÓN mgongoni ni sawa na kumpigia Shangazi ngoma. Mama mkwe kasema bila fulana haendi. Na kama haendi, nani atamtuliza Nahiara? Binti yangu ana miaka minne na sauti ya king'ora.

Nikatafuta dawa. Fulana tutavaa, ila zimeandikwa UKOO WA MALDONADO. Hilo ni jina la muuza matairi wa kona. Mama mkwe kaniuliza kama nina homa. Edgardo kacheka mpaka kashika ukuta. Wacheke. Fulana zimefika saba. Nadhani fundi hajui kuhesabu.

Jumapili, 30 Juni

Nimempigia Shangazi. Nimemwambia mwaka huu hatusafiri kwenda popote, tunabaki nyumbani kupaka rangi. Nilitarajia kelele. Badala yake akasema kwa sauti ya upole, "Pumzikeni, wanangu. Na nyie mmechoka."

Nilijisikia mdogo kama punje ya mchele. Kwa dakika tano hivi. Kisha akasema atanipigia simu ya video kila siku saa moja jioni, aone rangi inavyoendelea.

Ebo!

Nyumba yetu anaijua kuliko mimi. Ni ya babu. Amezaliwa humo, kaolewa akitokea humo, mparachichi wa uani kaupanda kwa mkono wake. Nitafanyaje? Nimewaza wakati wa chakula, nimewaza bafuni. Nimepata! Nasafiri na pazia la sebuleni, fimbo yake, na ile picha ya babu akiwa na jogoo. Vikipangwa nyuma yangu, Florida inageuka Caguas. Kisha koki! Wale vyura wetu wadogo wanaoimba kila jioni. Florida haina sauti ile, na mtu wa kwetu asipoisikia anajua kuna jambo. Nimewarekodi uani saa nzima. Mbu wamenila, lakini kazi safi!

Mama mkwe kanipita akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia, ndiyo maana tunakwenda kwa ndege.

Jumatatu, 8 Julai

Tumefika! Kikwazo kimoja tu. Afisa wa uwanja wa ndege alichomoa fimbo ya pazia, akaigeuza, akaichungulia kama darubini. Akauliza ya nini. Nikasema mke wangu bila pazia lake halali. Ivelisse alitazama dari. Picha ya babu na jogoo ilipita bila swali. Babu alikuwa na uso wa heshima.

Hoteli! Vitanda kama mawingu. Taulo zimekunjwa umbo la mamba. Ivelisse kafungua kabati, kakagua bafu, kachungulia nyuma ya mlango, akasema humu hamna sinki la vyombo. Akakaa kitandani akatabasamu. Hapo mimi nilikuwa mfalme, yule Mamba ni wa kuazima.

Saa moja jioni, simu. Hatari! Kwetu saa hiyo giza linaingia. Huku jua lingali linawaka kama mchana. Nikatupia blanketi dirishani, nikasimamisha pazia mbele ya kabati, Edgardo kashika fimbo upande mmoja, Yadiel upande wa pili. Koki wakaimba. Shangazi kasema mwaka huu vyura wana makelele. Nikasema mvua, shangazi. Mara nje likapita gwaride la Mamba Mfalme, matarumbeta ishirini! Akauliza ni nini hicho. Nikasema mtoto wa jirani anajifunza. Akasema anajifunza vizuri sana.

Kaamini!

Jumanne, 9 Julai

Bustani. Foleni, jua, furaha. Treni ya Maporomoko inataka mtoto afike mita moja na sentimita mbili. Nahiara kapungua kidole kimoja. Nilikuwa nimejiandaa: soksi nne ndani ya kila kiatu. Alitembea kama bata lakini alifika kwenye alama! Kijana wa kupima akamsifu kwa urefu. Binti yangu, mtoto mwenye adabu, akamshukuru na kumweleza kwamba urefu wote uko kwenye soksi za baba.

Tumepanda bembea za vikombe.

Saa sita mchana, balaa lingine. Familia ya watu thelathini ilitukimbilia mikono wazi. Akina Maldonado halisi, wa mji wa Ponce, kisiwani kwetu! Bibi mmoja alinishika mashavu akasema nina pua ya marehemu Chago. Ningefanyaje? Tumepiga picha nao. Tumekula nao. Edgardo kaahidi kwenda harusi ya mwezi wa kumi.

Jioni Shangazi akataka kuona jiko. Nikasema rangi bado mbichi. Akataka kumwona mbwa wetu, Canelo. Canelo yuko kwa muuza matairi! Nikasema kafungwa uani. Akasema basi abweke kidogo nimsikie. Mara kutoka bafuni, "Wu! Wu!" Edgardo. Lazima nikiri, kabweka vizuri. Hata Shangazi kasema Canelo kanenepa, sauti imekuwa nzito. Nimeanza kumpenda shemeji yangu.

Jumatano, 10 Julai

Siku ya tatu, na Ivelisse hajagusa kijiko. Anashinda bwawani, miguu majini, simu sikioni, anacheka mpaka machozi. Nimeuliza anaongea na nani. Kasema rafiki. Mama mkwe naye hupotea kila alasiri, anarudi akinukia mafuta ya jua. Wote wana furaha. Nani kawaletea? Mimi.

Ila jioni imeniuma. Shangazi kaomba nitoke uani nimwonyeshe mparachichi wake. Nikasema tumeukata.

Akajifunika uso kwa kitambaa, mabega yanatetemeka. Akasema kwa shida tutaongea kesho, mwanangu. Simu ikakatika.

Aliupanda siku ya harusi yake. Nimekula aiskrimu ya watoto wote wawili na sikuhisi utamu. Lakini siri imesalimika. Imebaki siku moja!

Alhamisi, 11 Julai

Nimeumbuka. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi, meza ya Mamba Mfalme. Sote kwenye fulana za kasuku. Kiti cha saba kitupu. Nikataka kukirudisha, Ivelisse akakizuia kwa mguu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mnene mwenye fulana ya UKOO WA MALDONADO na miwani ya jua. Nikasimama kumsalimu, nikidhani ni mmoja wa wale wa Ponce. Akavua miwani.

"Wilfredo. Mti wangu umeukata kwa shoka au kwa msumeno?"

Nilikaa chini, kiti hakikuwepo. Meza nzima ilikufa kwa kicheko. Edgardo akabweka.

Walijua wote! Ivelisse alimpigia tarehe 10 Juni, siku moja tu baada ya kikao. Alimwambia: shangazi, nakupenda, ila mwaka huu nataka kulala hoteli nisioshe vyombo. Dakika mbili. Na Shangazi akajibu: hata mimi, mwanangu, nichukueni. Tangu Jumatatu yuko chumba cha tatu kutoka chetu! Simu zote alizipiga hapo, mama mkwe kando yake, wanauma mito wasisikike. Jana hakulia. Alikuwa anacheka.

Nikamuuliza, na Wito je? Yule wa hotelini? Akasema Wito hakumkosea kwa kulala hoteli. Alimkosea kwa kutomwalika.

Kisha akaeleza, taratibu, huku akikoroga kahawa. Miaka ishirini na miwili anakaa dakika kumi na tano kutoka hapa. Kila kiangazi anatupikia, tunakula, tunaondoka kuja bustanini, yeye anabaki kutandua magodoro na kuosha masufuria. Jioni tunamwonyesha picha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia vaa viatu, twende.

Hata mimi. Mimi aliyenilea.

Hapo Mamba Mfalme akafika mezani. Watoto wakamrukia, lakini yeye akamkumbatia Shangazi kwanza, sijui kwa nini. Shangazi akalaza kichwa kwenye tumbo la manyoya akalia kweli kweli. Nami nikalia, juu ya pankeki zangu. Nikamwomba radhi. Akanifuta uso kwa fulana yake, akasema nile, chakula kinapoa.

Amepanda Treni ya Maporomoko mara nne. Mara ya nne bila kushika chuma.

Ivelisse kaniambia, Wilfredo, ukweli ulichukua dakika mbili. Nimemwelewa. Nimemwelewa kabisa. Kuanzia leo, mimi ni mtu wa ukweli.

Ijumaa, 12 Julai

Ndege yetu saa tisa alasiri. Shangazi anataka kubaki hotelini siku tatu zaidi. Haki yake! Tatizo: kesho Mzee Monse, kaka wa marehemu mume wake, anatua na watu tisa. Anategemea godoro na wali kwa Luz Delia, sheria ni sheria. Shangazi kauliza amwambie nini. Ivelisse kasema mwambieni ukweli, dakika mbili. Nikasema niachieni mimi.

Nimempigia Mzee Monse. Nimemwambia, kwa masikitiko makubwa, nyumba ya Shangazi imevamiwa na nyuki. Wamejaa jikoni, wamejaa kwenye magodoro. Safi! Nani atalala na nyuki?

Nilisahau kwamba Mzee Monse anafuga nyuki. Mizinga sitini, kule Orocovis. Kafurahi mno. Kasema anahamisha tiketi, anatua usiku huu na vifaa vyake vyote, na kesho saa nne asubuhi atakuwa mlangoni kwa Shangazi kumwokoa.

Nyumba haina nyuki hata mmoja.

Si kitu! Nimesogeza tiketi yangu mbele siku moja. Ivelisse hakusema neno, kachukua watoto na Shangazi kawapeleka bwawani. Nimemuuliza mtunza bustani wa hoteli wapi hapa karibu hupatikana nyuki, wengi, wenye hasira. Kanielekeza nyuma ya kanisa, mtaa wa pili. Nimevua foronya mbili za mito ya hoteli. Natoka sasa hivi. Mpango huu hauna kasoro.