Glavu za Wageni

Jumatatu, 4 Machi 1996

Nimetoka semina ya wafanyabiashara, Ganjoni. Mada: wajibu wa biashara kwa jamii. Sambusa nzuri. Mhadhiri ni Bi Eddah, mama mwembamba mwenye sauti ya hakimu. Akasema njia ni tatu. Ya kwanza: tafuta faida, lipa kodi, basi. Ya pili: tafuta faida, kisha uimegee jamii. Ya tatu: kabla hujamega, tazama faida yenyewe umeipataje, na uanze na aliye karibu na moto wako.

Nikasimama kumpinga. Nikamwuliza amepika sabuni lini. Watu wakacheka. Akajibu kuwa hajapika, ila amefua sana. Wakacheka zaidi! Nikakaa.

Nachagua ya pili. Ya kwanza haina sifa. Ya tatu haina picha. Na kuna kikombe! Chama chetu kitampa mfanyabiashara aliye mlezi wa jamii. Wakaguzi watapita Alhamisi ya wiki ijayo. Mejumaa, yule mama mpika sabuni mwenzangu wa Makupa, hakuja hata kwenye semina. Kazi yake kuninyang'anya wateja tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Sabili. Tangi la maji baridi barazani kwangu, kila mpita njia anywe bure. Mifereji ya mji mzima imekauka na jua linachoma. Wazee wetu wa Mji wa Kale waliweka mitungi ya maji mlangoni, hawakuandika kitu. Kosa lao hilo. Nani anawakumbuka leo? Yangu itakuwa na kibao cha marumaru chenye jina langu: KOMBE. SABUNI SAFI, MOYO SAFI.

Mke wangu Mwanakuu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mimi ningekunywa maji yenye jina la Mejumaa. Nikamwambia hilo si swali. Akasema, "Haya, bwana. Sadaka yenye matangazo."

Ijumaa, 8 Machi

Thoya ameniomba glavu. Thoya ndiye mpishi wangu, mwaka wa kumi na moja sasa. Hupima kwa jicho kostiki, ile dawa kali ya sabuni, na hajaunguza pipa hata moja. Mikono yake imepasuka kama tope lililokauka. Lakini hakulalamika juu ya maumivu. Alisema ana binti wa miezi minne, na kila akimshika mtoto analia. Ngozi inamkwaruza. "Bwana Kombe, nataka kumbeba mwanangu tu."

Nikaguswa. Nikamweleza kwa upole kwamba mwezi huu tuna wajibu kwa jamii. Fundi wa marumaru anasubiri. Thoya akauliza kama yeye si jamii. Swali la kihuni kidogo. Nikamwambia jamii iko nje, barabarani.

Baadaye nikasikia kwamba kwa Mejumaa wapishi wote wana glavu ndefu za mpira, hadi kwenye viwiko. Anawadekeza! Biashara itamfia.

Jumatano, 13 Machi

Kibao kimefika. Kizuri mno. Kimekula pesa zote za bomba, kwa hiyo maji yanachotwa kwa kata. Lazima mtu asimame akihudumia. Nani? Thoya, ndiye mwenye adabu.

Shida: mikono yake. Mkaguzi akiiona, ndiyo basi. Nimefikiri tangu asubuhi. Mwishowe nikamkumbuka Kavumbi, mpiga ngoma wa bendi ya kanisa kule Tononoka. Wana glavu nyeupe za gwaride. Nimeazima jozi moja kwa miche miwili ya sabuni. Akili!

Alhamisi, 14 Machi

Ushindi! Wakaguzi walikuja saa nane, wametota jasho. Kiongozi wao, Bwana Barnabas, akanywa kata tatu. Kisha akamtazama Thoya, akasema amezunguka kisiwa kizima hajaona mwajiri anayemvisha mfanyakazi glavu hata za kugawia maji. Akaandika. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kikombe changu! Picha imepigwa.

Walipokunja kona tu, Kavumbi akatokea. Alikuwa amejibanza dukani ng'ambo. Ana mazoezi jioni. Akamvua Thoya glavu pale pale barazani, kidole kimoja kimoja. Zilikuwa zimeganda kwenye mipasuko. Watu waliopanga foleni ya maji wakatazama chini.

Thoya akaniuliza, "Na kesho, Bwana?"

Nikamwambia kesho hakuna wageni.

Jumamosi, 16 Machi

Thoya hakuja jana wala leo. Mwanakuu amemwona Makupa, kwa Mejumaa. Nikapandwa na hasira. Nikaenda kumweleza mwanamke huyo juu ya maadili ya biashara. Akanikaribisha kahawa. Nikamwuliza, je, anajua ni nani aliyechukua kikombe? Akauliza, kikombe kipi? Hakuomba hata kushindana!

Nimerudi kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nikijibizana na Bi Eddah kichwani, na yeye ndiye aliyekuwa akishinda.

Alhamisi, 28 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji. Pipa la kwanza nililopika mwenyewe liligeuka uji. La pili lilinirukia.

Alasiri Thoya alipita na binti yake. Mtoto alikuwa amelala kwenye kiganja chake kama yuko kitandani. Akanisalimu kwa heshima zote, akanywa maji, akautazama mkono wangu. "Pole, Bwana. Ukikoroga, simama upepo unakotoka." Nilikaa barazani muda mrefu nikiwatazama wakienda zao.

Nimewaza sana. Bi Eddah alikuwa na hoja, nakiri. Glavu ni jambo zito. Nimeligundua kwa uchungu, na kosa langu sasa nalijua.

Maji hayatoshi. Mwaka ujao nitatoa msaada wa glavu za mpira, jozi mia, kwa hospitali. Jina langu kwenye kila kiganja. Bwana Barnabas atakata utepe. Jozi ya mfano imeshafika leo, ndefu, hadi kwenye viwiko. Nimeiweka kabatini kando ya kikombe na kufunga kioo. Nimemwambia Mwanakuu isiguswe na mtu yeyote.

Kesho napika pipa la tatu.