Ombi la Kuzuia Huruma Mbele ya Nyumba ya Bi Mwamini

Bilali Kitwana,
Kitongoji cha Mitopetope,
Kibuta, Kisarawe.

Kwa Mzee Jabiri, Mwenyekiti wa Kitongoji.
(Siyo kwa Mzee Jabiri baba yake Raudha. Huyo nitamwandikia barua yake peke yake, mambo yakikaa sawa.)

YAH: WANANCHI KUZIDISHA HURUMA

Mzee Mwenyekiti, shikamoo. Marahaba yako nimeipokea kwa kukadiria, maana najua huwa unaitikia hata ukiwa umenikasirikia. Husika na kichwa cha habari hapo juu, na ikiwezekana husika nacho ukiwa umekaa.

Mimi ndiye mkulima bora wa maua kuanzia Mlandizi mpaka Mzenga. Hilo halikuwa langu kulisema, ila wenzangu wamekaa nalo kimya muda mrefu, nimeona niwasaidie. Nikishika mti mkavu, mti unaona aibu, unachipua. Elimu yangu ni kidato cha pili, na ieleweke kwamba sikufukuzwa. Niliona walimu wanarudia mambo yale yale, nikawaachia.

Utakumbuka siku mjomba wangu Zahoro alipokuja kwako kunisemea habari za binti yako Raudha. Hukukataa, na hukukubali. Ulisema kijana huyu anajua kuanza, hajui kumaliza. Ukawataja sungura wangu waliohamia porini. Ukakitaja kile kisima nilichochimba mpaka kiunoni, ambacho siku hizi Bibi anamwagia majivu. Mwisho ukamwambia mjomba: "Aoteshe kitu kimoja akimalize, mpaka kizae au kichanue. Siku hiyo alete barua ya posa, nitaipokea kwa mikono miwili."

Kijana mwingine angeotesha bamia, akaoa mwezi wa tatu. Mimi nikasema hapana, Raudha si wa bamia.

Wakati ule nilikuwa kibarua Kibaha, pale Maili Moja, kwenye kitalu cha maua cha kando ya barabara, kwa dada mmoja wa Njombe anaitwa Stellamaris. Yule dada ana ua linaitwa airisi, nalo lina ndevu. Sifanyi utani, Mzee. Majani matatu ya ua yanatazama juu, matatu yananing'inia kama ulimi, na kila ulimi una mstari wa ndevu za njano zilizochanwa vizuri kuliko zangu, ambazo bado ziko njiani. Nilipoaga akanigawia matunguu yake mapande kadhaa, yanafanana na tangawizi iliyonenepa, akanipa na maelekezo: "Bilali, hili halitaki kubembelezwa. Lipande juu juu, mgongo ubaki nje, kama mamba anaota jua. Lipate jua kutwa. Maji kwa nadra, samadi usilisogezee. Huko kwenu joto, likibahatika litachanua kipupwe. Ukilifukia linaoza. Ukilionea huruma umeliua."

Nikayapanda mbele ya nyumba ya Bibi yangu, Bi Mwamini, kando ya ukuta, upande unaopigwa jua tangu linatoka mpaka linaingia. Kama unavyojua, njia ya msikitini na njia ya kisimani zote zinapita hapo. Kila anayepita anaona migongo ya matunguu iko nje, inachomwa. Na ndipo ninapowashitaki wafuatao:

1. Bi Mwamini, bibi yangu mzaa baba. Huyu ameinulia mihogo udongo tangu hujapata uenyekiti, na mkono wake haujui kupita kwenye tuta bila kulifunika. Siku ya kwanza tu nilipoamka nikakuta ameshapita na jembe, matunguu yote yamelala chini ya matuta, kaburi kwa kaburi. Nikamuuliza. Akasema, "Mume wangu, umeacha maua yako uchi mbele ya nyumba ya mtu mzima? Nimeyatia udongo kidogo tu." Nikayafukua. Akayafukia. Nikayafukua. Akaanza kunipikia vizuri ili nilale mchana. Hapo nikapoteza mawili.

2. Watoto wa madrasa. Wanatoka jioni wana mabirika, na ndani ya birika huwa kumebaki maji. Mmoja alianza, akamwagia, wengine wakapanga foleni. Nilipowatimua, yule mdogo kuliko wote akaniambia mwalimu wao amewafundisha kwamba kuna thawabu kwa anayenywesha chenye kiu, na yeye ametia kidogo tu. Mzee, mimi sipingi thawabu. Ninachoomba ni wakazitafutie kwenye mchicha. Mchicha upo mwingi na una kiu ya kweli. Kwa thawabu za wale watoto nimepoteza moja lililokuwa linaanza kunenepa.

3. Hamza, dereva wa bodaboda, rafiki yangu wa damu mpaka siku ile. Alileta kiroba cha samadi ya mbuzi kutoka Msimbu, akakipakia kwenye pikipiki yake safi, akakimwaga chote bila kuniuliza, akapiga picha, akanitumia. Chini ya picha ameandika: "Mwanangu, nimekuongezea nguvu kidogo tu, harusi hiyo inakuja." Matunguu yalitoa majani marefu ya kijani kama mpunga, yakapendeza kwa juu huku chini yanageuka uji. Nilipomwambia ameniulia ua, akasema basi ataleta na kiroba cha pili, cha kwanza huenda hakikutosha.

4. Wewe mwenyewe.

Naomba usinyanyuke. Siku ile unatoka mazishini ulisimama mbele ya ukuta wetu, ukatikisa kichwa, ukasema, "Huyu kijana ameyaanika kama dagaa." Bibi ni shahidi. Ukaagiza makuti kutoka kwako, ukasimamisha vijiti kwa mkono wako wa kiserikali, ukajenga kibanda juu ya maua yangu. Nilipofika ukaniambia ni kivuli kidogo tu. Sasa nauliza kwa heshima zote: mtu anayesema ua lisipochanua hapokei posa, kisha yeye huyo huyo analinyima jua, tumweke kundi gani? Sijibu mimi. Nimeuliza tu, na nimeacha nafasi hapa chini ukitaka kujibu.

5. Hapa nilikusudia kumwandika Raudha, kwa kuwa nyumba zote zinatakiwa kuguswa. Lakini hana kosa. Anapita asubuhi na jioni na ndoo yake, anasimama, anatazama, anasema, "Limekonda," anaondoka. Hajatia udongo, hajatia maji, hajatia neno la faraja. Katika kitongoji kizima ni yeye peke yake asiyeona huruma, na nataka baba yake ajue kwamba kwa ajili hiyo ndiyo nazidi kumtaka. Utanifikishia.

6. Watu wasiojulikana. Hili ndilo kubwa.

Lilibaki tunguu moja. Nililihamishia pembeni, karibu na kona, nikavunja kile kibanda chako (samahani, makuti yapo, Bibi ameyawekea kuku), nikaliacha na jua lake. Kipupwe kilipoingia likasimamisha shina, na juu ya shina tumba la ua limejifunga kama ushungi. Ulikuja kulitazama, nawe ukainama, ukavaa na miwani. Kwenye ncha palikuwa na zambarau imeanza kuchungulia. Nikakuuliza, Mzee, hili si ua? Ukasema, "Bado halijafunguka." Hata hivyo ulitabasamu, nilikuona, na mjomba Zahoro siku hiyo hiyo akaenda Kisarawe mjini kununua bahasha nzuri.

Juma lililopita mtu au watu wasiojulikana walilifukia tunguu hilo na kulimwagia maji, tena si siku moja. Nilipofika asubuhi shina lilikuwa limelala chini, ndevu ziko ndani ya tumba hazijawahi kuona mtu. Nikalivuta, likaja lenyewe bila kubisha, chini limeoza na linanuka. Uchunguzi wangu unaendelea. Nyayo zilizokutwa eneo la tukio ni za kandambili, na kitongoji chote kinavaa kandambili, kwa hiyo watuhumiwa ni wote.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo:

Kwanza itungwe sheria ndogo, kwamba ni marufuku kuona huruma mbele ya nyumba ya Bi Mwamini. Anayetaka kuona akaonee kwake.

Mtu akizidiwa na huruma ghafla, afike kwanza ofisini kwako agongewe mhuri. Kwa namna mhuri wako unavyotafutwaga, huruma itakuwa imeshamwisha.

Huruma itakayobaki ikusanywe, ipelekwe Maili Moja. Nilikaa kule na jipu kwenye paja muda mrefu, nachechemea mbele ya watu wenye haraka zao, hakuna hata aliyeniuliza. Wale wanahitaji. Sisi tumezidiwa, na kama hatua hazitachukuliwa mapema, siku moja mtu atakaa nje anaota jua mwenyewe, atajikuta amefukiwa mpaka shingoni na majirani wanampepea.

Na la mwisho, ambalo ndilo hasa: kwa kuwa kosa ni la wananchi, na wananchi wako chini yako, naomba lile tumba lihesabiwe ua. Usiniambie halijafunguka. Uchaguzi uliopita mpinzani wako alijitoa, ukawa mwenyekiti bila hata kura moja kuhesabiwa, na hakuna aliyesimama kusema hujafunguka. Wewe ulihesabiwa. Naomba na mimi nihesabiwe, ili ile bahasha ya mjomba isikae kabatini mpaka mende waizoee.

Sina zaidi, ila hata hayo yaliyotangulia yalitosha. Msalimie Mama Raudha, mwambie vitumbua vya Ijumaa vilifika salama na havikurudi. Salamu kwa wajumbe wote wa kitongoji, hata wale wanaosinzia kikaoni. Salamu kwa mbuzi wako, ambao, kwa kuwa ile samadi ilitoka Msimbu, sina ugomvi nao. Raudha msalimie kwa sauti ya kawaida tu, asijue imetoka kwangu.

Ni mimi niliyedhulumiwa na wema,

Bilali Kitwana
Mkulima Bora (wa kujitegemea)

NYONGEZA: Nimeifungua tena bahasha. Ni kuhusu namba 6. Uchunguzi umekamilika mapema kuliko nilivyotarajia, na zile kandambili ni zangu.

Mzee, ilikuwa tumetoka kuswali adhuhuri. Jua lilikuwa limesimama utosini, hata kuku wamejificha. Nikalikuta tunguu mgongo wake umepasuka kama kisigino cha Bibi, na lile tumba limeinamisha shingo. Maneno ya Stellamaris nilikuwa nayo yote kichwani, sikusahau hata moja. Nikachota udongo kwa viganja, nikalifunika. Nikaingia ndani, nikatoka na birika. Kesho yake nikarudi tena, na kesho kutwa yake.

Siku ile ya mwisho nilikuwa nimechuchumaa, nalipapasa udongo pembeni lisipate upepo, Raudha akapita na ndoo yake kichwani. Akasimama. Akanitazama mimi, akalitazama birika. Akaniuliza, "Bilali, unafanya nini hapo?"

Nikamwambia, "Kidogo tu."