Herufi Tatu za Mwisho

Jumatatu, 3 Machi
Kaja dukani kwangu mwalimu mstaafu na diski ya harusi ya bintiye, ya miaka ishirini iliyopita. Ndimo ilimo hotuba ya marehemu mume wa mwalimu. Mjukuu anaolewa Jumamosi. Anataka sauti ya babu isikike kupitia simu. Nimefungua diski: mafaili yamekatwa vipandevipande, majina kama namba za magari, na kila moja linaishia na VOB. Simu haiyajui. Jirani yangu Pikseli, mwenye studio ng'ambo ya barabara, alisema kuyageuza ni kazi ya saa tatu. Saa tatu! Nimefuta VOB, nikaandika mp4, jina ambalo simu inalijua. Sekunde nne. Akili nywele.

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu amerudi. Simu imekataa. Mke wangu kasema ukimwita mbuzi ng'ombe, hataongeza maziwa. Nimemweleza kwamba yeye ni muuguzi.

Jumatano, 5 Machi
Nimekubali kuyageuza kweli. Programu ikauliza nibane kiasi gani. Nikabana mpaka mwisho! Giga nne zimekuwa mega tisa. Pikseli hajawahi kufika huko. Nimehifadhi “harusi_mwisho”, halafu “harusi_mwisho_kabisa”, halafu “harusi_mwisho_haki_ya_Mungu”. Diski nimeiweka chini ya kikombe cha chai, isipeperuke.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya. Uso wa marehemu umekuwa vigae. Sauti kama ya mtu aliyefunikwa sufuria. Mwalimu ametazama mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, “Mwanangu, huyu siye.” Bora angenitukana. Nikakimbilia diski nianze upya: imechubuka, mashine inaitema. Sikula.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kaichukua diski bila kuniaga, kampelekea Pikseli. Msaliti! Nimewafuata. Pikseli ameisafisha kwa kitambaa laini, kajaribu mashine tatu. Ya tatu, kuukuu, imesoma. Hakunicheka, jambo lililoniudhi zaidi. Kasema ubanaji wa zamani ulirudia mengi. Wa siku hizi ni mjanja, ukuta usiosogea pichani hauuelezi upya kila mara. Ndiyo maana faili hupungua na sura ikabaki. Nimeitikia kama mtu aliyekuwa akijua.

Jumamosi, 8 Machi
Tumealikwa. Babu kasikika ukumbi mzima: “Binti yangu, ukikosewa sema, usinune.” Mwalimu aliishika simu kwa mikono miwili, akalia huku anacheka. Nami nilitoka nje kidogo. Vumbi machoni. Pikseli kapewa shukrani mbele ya watu. Mimi nimepewa kiti.

Jumatatu, 10 Machi
Jana nilitafakari kwa utulivu siku nzima. Kosa nimelijua. Niliandika mp4 kwa herufi ndogo. Leo kuna mteja ana diski sita. Nimemwambia asubiri hapohapo mlangoni, hata asikae chini: ni sekunde nne tu.