Uji Ndani ya Rejeta

Jumatatu, 4 Agosti

Baba mkwe amefariki asubuhi hii, hapa hapa mjini Lae, hospitalini. Mzee Kaupa. Figo. Dorin, mke wangu, amejipaka tope usoni na kukaa chini uani pamoja na mama yake. Nilimpenda yule mzee. Upande wao wote, ndiye pekee aliyekuwa akinisikiliza mpaka nimalize.

Mchana kikao cha ukoo. Mzee lazima azikwe kwao Simbu, milimani, safari ya kutwa nzima. Nani atambeba? Anton akakohoa kidogo, anajiandaa kusema. Anton ni mwanyumba wangu, tumeoa dada wawili, na ana basi jipya analolizungumzia kama wenzake wanavyozungumzia watoto wao. Nikamuwahi. Nikasema mimi nitambeba. Lori langu liko wazi nyuma, jeneza litaonekana njia nzima, watu watasimama kutoa heshima. Mama mkwe akanitazama muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa. Mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja ya ndoa.

Sikutaja kwamba lori linachemsha.

Halichemshi sana, lakini. Tambarare linakwenda vizuri. Ni kwenye kilima tu, mshale unapanda hadi kwenye nyekundu. Na linakunywa maji. Lita tatu kila siku mbili, na chini hakuna hata tone. Yanakwenda wapi? Nimeamua yanakaushwa na joto la mji huu.

Jumanne, 5 Agosti

Siune amekuja bila kuitwa. Kaka yake Dorin, fundi magari, mtu wa maneno machache na yote ya kukera. Alisema anataka kulitazama lori litakalombeba baba yake. Ningekataaje?

Akasubiri injini ipoe kabisa. Akafungua kifuniko cha rejeta, akaniambia washa. Maji yakaanza kutoa mapovu, kama sufuria ya viazi. Akaniambia piga mafuta. Mapovu yakaongezeka, na nyuma eksozi ikatoa moshi mweupe. Akakinga kiganja kwenye ule moshi, akakinusa.

"Shemeji, gasketi ya silinda hedi imekwisha."

Nikamwambia labda ni thamostati. Akasema thamostati ikikwama gari huchemsha, kweli. Feni ikifa huchemsha. Pampu ikichoka huchemsha, rejeta ikiziba huchemsha. Lakini feni ameitazama, inazunguka. Pampu inasukuma. Na katika hizo zote hakuna inayopuliza mapovu. "Moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na maji yanaingia kwenye silinda. Ndiyo maana huoni tone chini. Unayatoa kwa nyuma."

Akasema tufungue hedi, tuweke gasketi mpya. Siku mbili. Atanisaidia mwenyewe.

Siku mbili za Siune uani kwangu, hedi ikiwa chini juu ya gunia, na ukoo mzima ukipita kwenda msibani! Jioni hiyo hiyo jeneza lingekuwa la Anton. Nikamshukuru. Nikamwambia ninaye fundi wangu. Akauliza nani. Nikasema humjui.

Alipoondoka nikaing'oa thamostati na kuitupa kichakani. Kitu kimoja kimepungua cha kuharibika.

Jumatano, 6 Agosti

Mapovu bado yapo.

Nimekaa barazani bila hamu ya kitu. Jirani yetu, mama mmoja wa pande za Sepik, alikuwa anasonga sago, unga wa kwao unaotoka kwenye shina la mti. Nimemwona akifanya hivyo mara mia na sikuwahi kuwaza lolote. Unga mweupe bakulini, anamimina maji ya moto, anakoroga, na unga unageuka gundi mbele ya macho yako. Kijiko kinasimama chenyewe. Nikajiuliza: tundu dogo ndani ya injini, maji ya moto, na unga huu?

Nikamwomba vikombe vinne. Akadhani ni kwa ajili ya waombolezaji, akanipa sita. Nikatia vyote.

Mapovu yamekoma. Naandika tena ili nije nisome nikiwa mzee: mapovu yamekoma. Nikaendesha hadi uwanja wa ndege wa zamani na kurudi. Mshale haukuinuka sana.

Kijiti cha oili kilitoka na rangi ya chai ya maziwa, kama oili iliyoingia maji. Nikakifuta. Nikakichovya tena, chai ya maziwa tena. Nikakifuta na kukirudisha na sikukichovya mara ya tatu.

Saa kumi Siune akarudi. Akauliza kama gasketi imebadilishwa. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimezipaka boliti za hedi oili safi, moja moja, kwa brashi ya Dorin ya viatu, zing'ae kama zimefunguliwa. Akazitazama. Akauliza gasketi ya zamani iko wapi. Nikasema fundi ameondoka nayo. Akasema, "Sawa, shemeji. Nakuamini. Ni baba yangu utakayembeba."

Nimekula kiazi kimoja tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Dorin na dada yake wamelipamba lori kwa majani mekundu na maua. Limependeza kiasi kwamba nililitazama kwa mbali na machozi yakanitoka. Dorin akaniona. Akaja, akanishika mkono, akasema, "Baba Lina, ungejua baba angefurahi vipi." Hapo nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Anton alikuwa anapita, mashavu yamejaa popoo, akatema mate mekundu karibu na tairi langu na kuuliza: mwanyumba, kule mlimani Kassam abiria wangu wakusubiri saa ngapi?

Nikafunga mdomo. Nikamjibu atangulie tu, asije akanichelewesha.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Ya jana nitayaandika kwa ufupi.

Tulimtoa mzee chumba cha maiti saa kumi na mbili asubuhi. Jeneza nyuma ya lori, wanaume kumi na wawili wamelizunguka, mama mkwe amekaa kichwani pa jeneza na mkono wake juu ya ubao. Siune mbele pamoja nami. Anton nyuma na basi la wanawake. Bonde zima la Markham lori lilikwenda kama maji mtoni. Watu wa vijijini walisimama na kuvua kofia. Nilipiga honi kidogo kidogo, kwa heshima.

Siune alikuwa anautazama mshale.

Tulipoanza kupanda Kassam, mshale nao ukaanza kupanda. Kona ya kwanza, nusu. Kona ya tatu, robo tatu. Siune akasema simama, ipoe. Nikamwambia ni mshale tu, una kasoro. Nikausingizia hata mshale. Kwenye kioo niliona basi la Anton limenisogelea, kwa hiyo nikakanyaga mafuta. Siune akasema mara ya pili, taratibu, "Lukas, simama." Hajawahi kuniita kwa jina. Kona ya sita mvuke ukafunika kioo, kitu kikagonga ndani ya injini mara tatu kama mtu anayebisha hodi, na lori likafa katikati ya barabara.

Nikaruka chini. Nikataka kuwahi kutia maji kabla Siune hajafika. Alipiga kelele nisifungue. Nilifungua.

Kilichoruka hakikuwa maji. Kilikuwa uji. Mkono wangu wa kulia, kuanzia kidoleni hadi kiwikoni, ulivikwa uji wa moto unaonata, na kadiri nilivyoufuta ndivyo ngozi ilivyofuata. Sikumbuki vizuri. Nakumbuka Siune akinimwagia maji ya kunywa ya waombolezaji, dumu zima. Kisha akachota kwa kidole kwenye mdomo wa rejeta, akanusa. Akachota tena. Wanaume wote walikuwa wameshashuka.

"Hii ni sago."

Hakuna aliyecheka. Hata Anton. Ningempa chochote acheke.

Siune akafuta boliti moja ya hedi kwa shati lake. Chini ya oili yangu kulikuwa na kutu ya miaka. Akaniambia: "Uliniambia umebadilisha." Akarudi nyuma ya lori, akaweka paji la uso wake juu ya jeneza, akakaa hivyo.

Injini imenoki. Haizunguki hata kwa wanaume sita.

Jeneza halikuingia mlango wa basi. Anton, sema lolote juu yake, aling'oa viti viwili kwa mikono yake, na bado halikuweza kugeuka mlangoni. Mtu akasema liwekwe juu ya paa. Mama mkwe akakataa. Mume wake si gunia la viazi. Basi wakambeba mabegani. Kutoka pale hadi juu mlimani, mvua ya rasharasha, wanaume wakipokezana, wanawake nyuma wanalia, na magari makubwa yanasubiri nyuma yao bila kupiga honi. Nilitaka kushika pembe moja. Mkono wa kushoto ni mzima. Siune akanisogeza kwa bega.

"Acha. Wewe kaa na lori lako."

Mama mkwe alikuwa wa mwisho kupita. Akasimama. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari.

"Miaka yote hii mzee alinikataza nisikuseme," alisema. "Kila nikifungua mdomo, ananiambia mwache, huyu akipewa kazi ya maana atanyooka. Kwa hiyo Jumatatu nikakupa."

Akajifunika khanga yake kichwani akaenda. Dorin alipita upande wa pili wa barabara.

Nimesikia kutoka kwa dereva mmoja kwamba juu kabisa walipata lori la kahawa lililokuwa linarudi tupu, likawachukua.

Jumapili, 10 Agosti

Wamezika leo saa nane. Dorin ameniandikia kwenye simu: Tumemaliza. Usije kwanza.

Nimelisoma lile neno "kwanza" mara nyingi. Kwanza maana yake kuna baadaye. Nadhani.

Mama mmoja wa hapa mlimani amenifunga mkono kwa majani na kunipa ndizi za kuchoma. Akauliza ni nani amekufa, maana ameona maua. Nikamwambia baba yangu. Akasema pole, mwanangu, akakaa nami. Nililia mbele yake bila aibu yoyote. Maua yote yamenyauka juu ya boneti.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepata muda wa kufikiri. Wazo halikuwa baya. Vikombe vinne vingetosha. Yule jirani alinipa sita. Hilo ni kosa la ukarimu, si la ufundi. Na thamostati nayo, pengine isingetolewa. Siune alitaja thamostati mwenyewe. Sisemi amekosea. Nasema alitaja.

Jumanne, 12 Agosti

Mambo yamegeuka. Amekuja mtu kutoka bondeni, mpole sana, na pikapu nyekundu ya zamani. Amekubali tubadilishane: achukue lori kwa ajili ya matairi na bodi, aniachie pikapu. Nimemuuliza kwa makini, maana sasa nina uzoefu. Je, inachemsha? Akasema kwa ukweli kabisa kwamba mlimani inapata joto kidogo, lakini gari gani halipati. Nilipoiwasha ilitoa moshi mweupe. Ni baridi ya huku juu.

Jumamosi kule Simbu wataondoa matanga, na nguruwe wanane wanatakiwa kutoka kwa mjomba wao wa Kainantu. Anton hawezi kuwapakia kwenye basi lake. Nimemtumia Siune ujumbe kwamba nguruwe waniachie mimi. Hajajibu, lakini huko mtandao ni mbaya.

Nimefungua rejeta. Maji yamejaa hadi juu, safi. Nimefunga upesi kabla sijaiwasha.

Yule bwana tulipoagana alinipa na kamba nene ya kuvutia gari, bila hata mimi kuiomba. Watu wema bado wapo.