Diski ya Bwana Havea na Kitabu cha Nyimbo cha Shangazi

Alhamisi, 14 Agosti

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi, funga mdomo. Usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Bwana Havea. Hasa Bi Kalolaine. Hasa hasa shangazi.

Leo nimenyoosha mkono. Sijui ulinyookaje. Diski ya kompyuta mpakato ya ofisi inakwaruza kama kuku juu ya bati. Ndani yake imo programu ya kuchora ramani za viwanja, na walioiuza walishafunga duka. Mfumo ukisakinishwa upya, programu imekufa na ofisi imekufa nayo. Bwana Havea, mpima ardhi wetu, ametumiwa diski mpya na dada yake kutoka Auckland. Akauliza nani anaweza kuhamisha kila kitu kama kilivyo. Bi Kalolaine, mpiga chapa wetu kwa miaka thelathini sasa, akasema ipelekwe kwa fundi. Kisha akanitazama. Mkono ukapanda wenyewe! Bwana Havea akasema haya, Lisiate, ila kompyuta isitoke ofisini. Ijumaa ijayo muda wangu wa majaribio kazini unakwisha. Nikiiua, nimekwisha nami.

Ijumaa, 15 Agosti

Mpango: itoke ofisini. Siwezi kujifunza mbele ya Bi Kalolaine. Anacheka kwa pua. Jioni nimeifunga tumboni, pamoja na diski mpya, chini ya ta'ovala, mkeka wa heshima tunaovaa kiunoni. Nikatembea kwa heshima kubwa. Bi Kalolaine akauliza nimeanza lini kunenepa. Nikasema ni viazi vikuu. Werevu ulioje!

Jumamosi, 16 Agosti

Diski mpya nimeitia kwenye kijumba cha chuma chenye waya, nikaichomeka. Inakotoka: ya zamani. Inakokwenda: mpya. Nimekagua mara tisa, maana ukigeuza hayo mawili unanakili utupu juu ya viwanja vyote vya mji wetu wa Nuku'alofa. Nikabonyeza saa kumi alasiri. Ikaandika: zimebaki saa saba. Itamaliza kabla Jumapili haijaingia. Mimi ni mtu wa mahesabu.

Saa moja jioni: zimebaki saa kumi na tatu. Nimelala.

Jumapili, 17 Agosti

Balaa! Shangazi Losaline alipita asubuhi tuweke chakula kwenye tanuri la ardhini kabla ya kanisa. Akasikia mngurumo. Akauliza ni nani anafanya kazi siku ya Bwana. Nikamwambia si mimi, shangazi, ni mashine. "Hata farasi wa baba yako leo anapumzika!" Akachomoa waya wa umeme. Asilimia tisini na saba! Betri ya kompyuta ile haina uhai hata wa kwikwi moja. Giza.

Nikasema asante. Ni dada yake baba, na kwetu dada wa baba hakataliwi. Akitaka sahani yangu, sahani ni yake, nami natabasamu. Kisha akaokota diski mpya na kijumba chake, akaipima mkononi, akasema hii itamfaa. Nikasema asante tena.

Kanisani ilikaa juu ya kitabu chake cha nyimbo, ikizuia upepo usifunue kurasa.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeingia ofisini mnene, nimetoka chooni mwembamba. Kompyuta imerudi mezani, na diski ya zamani bado inakwaruza, yaani iko hai. Bwana Havea akauliza mpya iko wapi. Nikasema inazoea hali ya hewa. Akaridhika!

Bi Kalolaine hakuridhika. Akanivuta stoo. "Sema kweli, mwanangu. Nani kaichukua?" Nikasema. Akacheka kwa pua mpaka akakaa chini.

Jumanne, 19 Agosti

Nilikuwa nimesahau! Mama yake Bi Kalolaine alikuwa dada wa babu yangu, baba yake shangazi. Haki ya dada hurithiwa na watoto wake, kwa hiyo kama shangazi alivyo kwangu, ndivyo Bi Kalolaine alivyo kwa shangazi. Hanyimwi kitu. Mchana aliingia kwa shangazi bila hodi, mimi nyuma yake, akainua diski kutoka juu ya kitabu, akachukua na makopo mawili ya nyama na kipepeo cha kujipepea. Shangazi akatabasamu, akasema asante. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeanza saa mbili asubuhi, mchana kweupe, ofisini. Saa tisa: mia kwa mia! Nikafungua kompyuta, nikabadilisha diski. Skrubu kumi na moja zilitoka, kumi zimerudi. Nikawasha. Nikafumba macho. Ikawaka! Programu ipo, ramani zipo, hata picha ya nguruwe wa Bwana Havea ipo mahali pake. Nililia kidogo, kitaalamu.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimethibitishwa kazini! Bwana Havea aliuliza siri yangu ni nini. Nikasema subira na elimu. Bi Kalolaine akakohoa.

Shangazi analalamika kurasa zinaruka. Nimempa diski ya zamani. Ndiyo nakala pekee ya akiba, lakini ya nini tena? Mchungaji amenikabidhi kompyuta ya kanisa, mahubiri ya miaka ishirini yamo, niihamishe. Naanza kesho saa kumi alasiri. Ni saa saba tu!

Nawe mwenye diski inayokwaruza, usihangaike na fundi. Njoo ofisi ya Bwana Havea, mlango wa nyuma, ugonge mara mbili, umuulizie mtaalamu. Akifungua Bi Kalolaine, sema umeleta viazi vikuu. Jumapili niko kanisani, benchi la nyuma ya shangazi. Usiniite kwa sauti. Na diski yako iache nyumbani.