Jirani wa Komoro

Gervas alikuwa na siku ya pili Itigi na bado hajamdhulumu mtu, jambo lililoanza kumkosesha raha. Alikuwa kwenye kibanda cha chai karibu na stesheni alipomwona mama mmoja akinunua madumu matatu ya maji kwa mwenye mkokoteni, huku akilalamika kwamba amezaliwa akinunua maji na atakufa akinunua maji.

"Nani yule?"

"Mama Luciana," alijibu mwuza chai. "Mjane. Marehemu alimwachia mizinga arobaini ya nyuki."

Gervas aliacha chai nusu. Baada ya saa moja aliegesha pikipiki yake uani kwa mama huyo, faili kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Alijieleza kuwa ni wakala wa viwanja vya ufukweni, nchi ya Komoro. Akatoa picha kwenye simu: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, na maji yasiyo na mwisho wala bei.

Mama Luciana aliitazama picha kwa muda mrefu. Alitamani, na hakuficha. "Mimi nimezeekea kwenye vumbi. Nikipata pahala pa kuamka nasikia maji, hiyo mizinga chukua yote, ingawa ndiyo inayonilisha. Ila huku kwetu kiwanja hakiuzwi bila jirani. Jirani ndiye anayejua mpaka."

Tapeli mwingine angetokwa jasho. Gervas alipiga simu Komoro. Komoro ilikuwa chumba namba tano cha gesti iliyo nyuma ya stesheni, ambako mwenzake Philipo alikaa kitandani na beseni la maji, akiyakoroga kwa mkono yapate kutoa mawimbi.

"Mpaka wako unaanzia kwenye jiwe jeusi, bibi," Philipo alisema kwa lafudhi aliyoitunga asubuhi ile. "Samaki huku tunawafukuza wenyewe..."

Hapo treni ya mizigo ikapiga honi. Mama Luciana aliisikia kwa sikio la kulia kutoka stesheni, na kwa sikio la kushoto kutoka Komoro.

Iliuma. Alishaanza kuchagua mlango wa nyumba utazame wapi. Gervas alikuwa ameinama akipanga karatasi, hakuona kitu.

"Jirani nimemridhia," mama alisema, akirudisha simu. "Lakini mizinga arobaini inazidi kiwanja kimoja. Niongezee ile pikipiki."

Pikipiki nyekundu ilikuwa mali pekee ambayo Gervas aliipata kwa jasho lake, na aliipenda. Kisha akaiwazia asali ya mizinga arobaini, kila msimu, mpaka azeeke. Mapenzi yakapungua.

"Na mimi nipe jirani," alisema kwa mzaha.

"Ni haki yako." Mama alipiga simu, akaongea kwanza Kinyaturu. Salamu zilikuwa ndefu kidogo. Kisha Yeremia, mwenye mizinga ya jirani kule msituni, ng'ambo ya Mitundu, akamthibitishia Gervas kwamba asali imejaa mpaka inavuja. Nyuki walisikika wakivuma nyuma yake. Wakaandikishana, na kadi ya pikipiki ikakabidhiwa.

Kesho yake Gervas na Philipo walishuka Mitundu kwa basi, na ndoo ishirini tupu. Walizunguka kwenye kichaka cha miiba kutwa nzima, Yeremia akiwaelekeza kwa simu kwa upole mkubwa.

"Mmeuona mti uliopasuka? Pindeni kushoto."

"Tumepinda kushoto mara saba," alisema Gervas. Suruali yake ilikuwa imebaki nyuzi.

"Basi mmekaribia, jirani..." alisema Yeremia, na treni ikapiga honi.

Philipo alitazama miiba pande zote nne. "Kaka, huku kuna reli?"

Gervas aliitazama simu. Honi ile aliijua. Alifikiria polisi, akaona ataulizwa mizinga aliinunua kwa kitu gani, na karatasi ya Komoro ilikuwa na saini yake. Akageuza ndoo, akaikalia.

Yeremia, mwana wa mdogo wake Mama Luciana, ndiye yule mwenye mkokoteni wa maji. Mvumo wa nyuki aliutoa mwenyewe kwa mdomo. Mkokoteni ameshauacha, siku hizi anasambaza maji kwa pikipiki nyekundu, na mteja wa kwanza ni mama yake mkubwa, bure. Kila alfajiri anamimina madumu matatu kwenye pipa lililo chini ya dirisha. Mama Luciana haondoki kitandani mpaka lijae. Analala pale pale, macho amefumba, anasikiliza.